Kutoka Kariakoo hadi boti za Zanzibar ukiwa na mizigo

Shule zikifungwa, na Desemba yote, simu yangu haipumziki. Ndugu amefika Dar jana jioni, amelala lodge Kariakoo, boti yake ya Unguja ni kesho asubuhi, ana mabegi mawili na boksi la zawadi, na maswali ni yale yale: nipande nini, nishuke wapi, niondoke saa ngapi, hili boksi watalikubali? Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Mwongozo huu ni wa wewe uliye katikati ya jiji, yaani Kariakoo, Mnazi Mmoja, Kisutu au Posta, na una mizigo ya kutosha kukusumbua. Anayetoka stendi ya mabasi ya Magufuli, uwanja wa ndege au treni ya SGR nimemwekea maneno machache huko chini.

Safari yenyewe ni fupi. Kutoka soko la Kariakoo hadi geti la boti ni kama kilomita mbili. Ila watu wa hizo kilomita mbili ndio ninaowaona wakiachwa na boti, kuliko hata aliyeamka usiku wa manane akatoka Morogoro. Aliye karibu hujiona ana muda, anakunywa chai ya pili.

Kabla ya yote: usiseme "Feri"

Hili naliweka juu kabisa kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi. Ukimwambia dereva wa Dar "nipeleke Feri", atakupeleka Kivukoni, kwenye soko la samaki na pantoni ya Kigamboni. Hajakosea, kwa mtu wa Dar Feri ni pale. Boti za Zanzibar haziondokei pale. Ziko Barabara ya Sokoine, mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile lililojengwa wakati wa Wajerumani kati ya 1897 na 1902, ambalo wenyeji wanaliita St. Joseph tu. Kutoka Feri kurudi hapo ni dakika kumi na tano kwa miguu kwa mtu asiye na mzigo. Ukiwa na begi na boksi, hesabu mara mbili.

Nasema kwa kuonja. Mara ya kwanza nilimsindikiza mama mkubwa, bajaji ikatushusha kwenye harufu ya samaki. Nikajifanya najua, nikamwambia "mama, ni hapa hapa mbele tu," tukaanza kuvuta begi kando ya bahari. Mlango wa bandari ya Dar ni mwembamba na uko hapo hapo Feri, kila chombo kinachotoka kinapita mbele ya soko. Basi boti yetu ikapita, kubwa, nyeupe, karibu kabisa. Mama mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, ile si ndiyo?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa hiyo maneno ya kumwambia dereva ni haya: "Boti za Zanzibar, pale St. Joseph." Hakikisha ameyarudia yeye mwenyewe kabla hajawasha chombo. Akisema "sawa, Feri," mrekebishe.

Na la pili ni saa

Tiketi nyingi huandikwa saa kwa mtindo wa Kizungu. 07:00 ni saa moja asubuhi. 09:30 ni saa tatu na nusu. 12:30 ni saa sita na nusu mchana. 16:00 ni saa kumi jioni. Usicheke, kuna mtu aliyesoma 7:00 akaja saa saba mchana ameshiba, amevaa, na tiketi yake mkononi. Ukipata tiketi, chukua kalamu uandike pembeni saa ya Kiswahili. Ukimtumia mzazi tiketi kwa WhatsApp, mwandikie na saa kwa maneno.

Vitu vya kuwa navyo

- Tiketi yenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, imechapishwa au iko kwenye simu yenye chaji.
- Kitambulisho halisi. Kwa Mtanzania cha NIDA ndicho kisicho na maswali, pasipoti nayo ni sawa. Mtoto mbebee cheti cha kuzaliwa. Mgeni kutoka nje ya nchi abebe pasipoti, na kama si Mtanzania wala mkazi ajue kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Ashughulikie hilo kabla hajafika getini.
- Pesa ndogo ndogo, noti za elfu moja na elfu mbili. Asubuhi hakuna mwenye chenji, au ndivyo watakavyokuambia.
- Kibegi kidogo cha mgongoni au mkoba unaokaa mwilini: simu, pesa, tiketi, dawa, miwani.
- Kalamu ya wino mzito na seloteipu pana.
- Kamba. Yoyote. Utanishukuru.
- Tangawizi, ndimu au kidonge cha kuzuia kichefuchefu kama bahari huwa inakutesa.

Usibebe vitu kwenye mifuko ya plastiki. Bara ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na Zanzibar ilishatangulia zamani, na sababu ya kuvutana na mtu juu ya rambo la mapera haipo.

Hatua kwa hatua

1. Nunua tiketi siku moja kabla, kwenye ofisi au mtandao wa kampuni yenyewe. Ofisi ziko hapo hapo bandarini, na ukiwa Kariakoo unaweza kwenda mchana mikono mitupu. Hiyo safari ya mchana ina faida ya pili: unaijua njia na unaliona geti kabla ya siku ya vurugu. Atakayekufuata barabarani kabla hujafika dirishani na kukuambia boti imejaa, yeye ana nafasi mbili zilizobaki, huyo ni kishoka. Hata kama ana kitambulisho shingoni. Nenda dirishani ukaulize mwenyewe. Ukipokea tiketi, soma vitu vitatu palepale ukiwa bado dirishani: jina, tarehe, saa. Kisha tazama uzito wa mzigo unaoruhusiwa.

2. Funga mizigo kwa hesabu ya mikono, si kwa hesabu ya upendo. Hapa ndipo safari inapoharibika, kwa hiyo vumilia nikae kidogo. Una mikono miwili na mgongo mmoja. Mzigo wa mgongoni, wa mkono wa kulia, wa kushoto, basi. Kitu cha nne ni cha mtu mwingine, hata kama hujui bado ni nani. Jipime lodge: beba vyote, toka chumbani, shuka ngazi, tembea hatua mia mbili bila kutua. Ukishindwa lodge utashindwa bandarini, maana kule kuna foleni, kuna ukaguzi, kuna daraja la kupandia botini, na wenzako nyuma wanasukuma.

   Begi la magurudumu ni zuri kwenye sakafu. Kwenye barabara za Kariakoo, zenye mitaro na mchanga, magurudumu yale madogo ya plastiki hufa mapema, kwa hiyo chagua lenye matairi makubwa au ujiandae kulibeba. Shangazi kaja, lile begi kubwa la miraba, linameza kila kitu, lakini zipu yake haikawii kuachia. Lifunge kamba kwa msalaba, mara mbili, na fundo liwe juu liwe mshikio. Boksi lizungushie seloteipu chini kuliko juu, kwa kuwa maboksi hupasukia chini. Salfeti la mchele au maharage lishone mdomo, usilifunge fundo tu.

   Kila mzigo uandike jina, namba ya simu na neno UNGUJA, pande mbili. Mashangazi kaja yote duniani yanafanana. Funga na kitambaa cha rangi kali, khanga iliyochakaa inatosha. Piga picha mizigo yako ikiwa pamoja. Vinavyovunjika na vinavyoibika, laptop, dhahabu, pesa, visiingie kwenye begi kubwa hata kama lina kufuli. Petroli, mafuta ya taa na mtungi wa gesi usijaribu kabisa.

3. Panga usafiri jioni, si asubuhi. Muulize mtu wa mapokezi bei ya kawaida ya bajaji au teksi hadi kwenye boti. Sikuandikii bei hapa kwa kuwa mafuta yakipanda inabadilika, lakini ukishaijua kutoka kwa mtu asiyekuuzia kitu, hakuna atakayekupiga. Kama boti ni ya saa moja asubuhi, ongea na dereva mmoja usiku huo, chukua namba yake, na umpigie ukiamka. Weka na wa pili wa akiba.

4. Chagua chombo kulingana na mzigo.

   *Kibegi kimoja tu:* bodaboda, au miguu kama kumekucha. Njia ya miguu kutoka Kariakoo ni kushika Uhuru, upite Mnazi Mmoja hadi Mnara wa Saa, ushike Samora, kisha upinde kulia kuelekea baharini hadi Sokoine. Usiitembee peke yako alfajiri na mzigo. Vibaka wanajua ratiba ya boti kuliko wewe.

   *Begi kubwa na dogo:* bajaji au teksi. Kwa bodaboda usikubali begi kubwa likae mbele kwenye tenki, dereva anashindwa kukata kona. Kwa bajaji, kumbuka kuna nyakati huzuiwa kuingia baadhi ya barabara za katikati ya jiji. Muulize mapema, "Unanifikisha getini au unaniacha njiani?" Akisita, tafuta mwingine.

   *Teksi za kuita kwa simu:* nzuri, ila angalia alama unayoiweka kwenye ramani. Ukiandika neno la kivuko peke yake unaweza kujikuta umeweka pantoni ya Kigamboni, na tumerudi kwenye mkasa wa mama mkubwa. Weka alama kwenye kanisa la St. Joseph. Dereva atakupigia akuulize unaenda wapi na unalipa keshi au vipi. Mjibu, na umwambie una mizigo mingapi. Gari dogo lenye mtungi wa gesi kwenye buti halina nafasi ya mabegi matatu.

   *Familia nzima na maboksi:* usijibane. Kodi kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), mizigo nyuma, mtu mmoja akae na mizigo. Guta, lile la matairi matatu la kubebea mizigo, ni rahisi zaidi kwa bei, lakini ni polepole, na lazima mtu wako atembee nalo mguu kwa mguu. Kamwe usilitume peke yake "litatukuta pale".

   *Mwendokasi (mabasi yaendayo haraka):* kwa mzigo mdogo na saa zisizo na watu, inafaa. Tembea hadi kituo cha Fire, panda linalokwenda Kivukoni, ushuke Posta ya Zamani. Usiende hadi mwisho wa gari, mwisho wa gari ni Kivukoni, na Kivukoni ndiyo hiyo Feri niliyokukataza. Ukishuka tafuta mnara wa kanisa, ndio dira yako. Asubuhi mabasi yanayoingia mjini hushindiliwa. Kuingia humo na shangazi kaja ni kutafuta ugomvi na watu wanaokwenda kazini.

5. Ondoka mapema kuliko unavyodhani. Fika getini saa nzima kabla ya boti kuondoka, au saa moja na nusu kabla kama una mizigo ya kupimwa. Kwa boti ya saa moja asubuhi, uwe umeshatoka lodge saa kumi na moja kasoro. Barabara muda huo ni nyeupe na utafika kwa dakika chache. Kwa boti za kuanzia saa tatu mambo hubadilika: mitaa ya Kongo, Swahili na jirani zake inakuwa imejaa wafanyabiashara, maguta na wanunuzi, na hakuna gari litakalokufikia mlangoni. Hapo mzigo utoe kwanza hadi barabara kubwa, Msimbazi, Lumumba au Uhuru, ndipo uite gari ukiwa umesimama hapo. Watu hupoteza nusu saa wakibishana na dereva kwa simu, "nipo hapa duka la vitenge," Kariakoo nzima ni duka la vitenge.

6. Patana, pakia, hesabu. Bei kabla mzigo haujaguswa. Hesabu vitu kwa sauti vikiingia: kimoja, viwili, vitatu. Hesabu tena vikitoka. Kibegi cha thamani kisiende buti wala nyuma ya bajaji, kikae mapajani na mkanda uwe umevuka bega.

7. Ukikaribia, mwelekeze dereva akushushe upande wa bahari, karibu na geti la boti unayosafiri nayo. Kampuni ni zaidi ya moja na milango si mmoja, jina liko kwenye tiketi yako. Alama zako ni kanisa, na Old Boma, lile jengo la kale la zama za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860. Ukishushwa ng'ambo itabidi uvuke Sokoine na mizigo, na Sokoine asubuhi haina huruma.

8. Mlango wa gari ukifunguka, shika mizigo yako kwanza, salimia baadaye. Watakuja watu wanne au watano kwa pamoja, kila mmoja na mkono juu ya begi lako. Wengi ni wachukuzi wa kweli wanaotafuta riziki, na kwa mzee au mama mwenye watoto ni msaada mkubwa. Chagua mmoja mwenye sare, mtazame namba yake, mwambie, "Kaka, mizigo hii mitatu hadi ndani, shilingi ngapi?" Mkikubaliana, tembea naye sambamba. Wengine waambie tu "nashukuru, nimeshapata". Usimpe mtu yeyote tiketi au kitambulisho "akusaidie kupanga foleni".

9. Getini. Tiketi na kitambulisho viwe mkononi, si chini ya begi. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi. Tuma begi kubwa kwanza na kibegi cha thamani mwisho, upite mara moja ukakipokee upande wa pili. Kosa la kawaida ni kurudi kufunga kamba za viatu huku kibegi kimeshatoka kinamsubiri mwenye bahati.

10. Mizigo mikubwa ipimishe mapema. Kama umezidi, utalipia. Lipa dirishani, dai risiti. Ukipewa kikaratasi cha namba ya mzigo, kiweke pamoja na kitambulisho. Tazama mzigo wako ukiondoka na ukumbuke uliwekwa upande gani. Usimwombe msafiri usiyemjua akubebee boksi ili uzito ugawanyike, na ukiombwa wewe, kataa kwa adabu: "Samahani dada, na mimi yangu imejaa." Hujui kuna nini ndani.

11. Kupanda. Foleni ikianza kusogea usikimbilie kuwa wa kwanza kama una mtoto na mabegi. Kwenye daraja la kupandia kuna unyevu na mteremko hubadilika kwa kujaa na kupwa kwa maji. Mkono mmoja uwe huru kushika uzio. Ukiingia, mzigo weka utakapoelekezwa, usiuweke njiani, kisha keti sehemu ya chini, katikati au nyuma, kama tumbo lako si la baharini. Safari ya boti ya kasi ni kama saa mbili. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, mawimbi huwa makubwa zaidi. Kula kidogo kabla. Ugali na samaki wa kukaanga utaukuta Unguja, haukimbii.

Kama hutoki katikati ya jiji

Anayetoka mikoani kwa basi atashushwa stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyofunguliwa 2021. Hapo hadi kwenye boti ni zaidi ya kilomita 20. Usilale Mbezi kama boti ni ya asubuhi. Songa mjini jioni hiyo hiyo, lala Kariakoo au Kisutu, kisha fuata hatua za juu. Nasisitiza hili msimu wa masika, Machi hadi Mei: mvua kubwa ikinyesha bonde la Jangwani hujaa maji, barabara ya Morogoro hufungwa hapo na Mwendokasi husimama. Aliyelala Magomeni, Manzese au Kimara atazunguka mji mzima. Aliyelala Kariakoo yuko upande wa mjini, hana habari.

Wa SGR ndiye mwenye raha. Tangu treni ianze kubeba abiria 2024, mtu wa Dodoma au Morogoro anashuka karibu kabisa na bandari. Kwa mzigo mdogo ni mwendo wa miguu, kwa mkubwa ni bajaji ya muda mfupi. Ila usikate tiketi ya boti inayofuatana sana na treni. Acha nafasi ya saa tatu.

Wa ndege, kutoka Julius Nyerere ni kama kilomita 12, ila jioni foleni ya barabara ya Nyerere inaweza kuzigeuza kuwa safari ya saa moja na nusu. Chukua teksi, maliza.

Mambo yakienda kombo

*Dereva amekushusha Feri.* Usianze kuvuta mizigo kama nilivyofanya. Mwambie akurudishe St. Joseph, ongeza hela kidogo, ugomvi uweke kiporo. Kama ameshaondoka, bajaji za pale ni nyingi.

*Barabara imefungwa.* Ikulu iko Magogoni, hapo jirani, na msafara wa viongozi ukipita kila kitu husimama. Ukiona trafiki wamejipanga na magari hayasogei, na umebakiwa na mwendo wa chini ya kilomita, shuka. Lipa, beba, tembea. Hapo ndipo ule mtihani wa hatua mia mbili unapolipa.

*Mpini wa begi umekatika au zipu imeachia.* Kamba niliyokuambia ubebe. Zungusha mara mbili, fundo juu. Kama zipu imeachia kabisa, livishe begi zima khanga au shuka ulifunge kama furushi. Limeshafika Unguja hivyo mara nyingi.

*Jina kwenye tiketi limekosewa.* Kama ni herufi moja, nenda dirishani mapema ukaonyeshe kitambulisho. Kama ni jina la mtu mwingine kabisa, uliuziwa na kishoka, na dirishani hawatakuwa na la kukusaidia zaidi ya kukuuzia nyingine.

*Umeachwa.* Usikae kwenye begi ukilia, nenda ofisi ya kampuni hiyo hiyo papo hapo na tiketi yako, uulize boti inayofuata na masharti ya kubadilisha. Kadiri unavyochelewa kuuliza ndivyo nafasi zinavyokwisha, hasa Ijumaa na kuelekea sikukuu. Mpigie atakayekupokea, asije akasimama bandari ya Malindi, Unguja, kwenye jua bure.

*Safari imeahirishwa kwa hali ya bahari.* Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, boti zinaweza kusimamishwa. Fuata kampuni, si uvumi wa getini. Usipande jahazi wala mashua ya mtu anayedai yeye anatoka.

*Mzigo haupo ulipofika Unguja.* Usitoke bandari ya Malindi kwanza. Simama pale mizigo inapotolewa mpaka wa mwisho utoke, mara nyingi mtu amechukua shangazi kaja la rangi yako na amekuachia lake. Onyesha kikaratasi cha namba na ile picha uliyopiga lodge. Kama jina na simu uliandika pande zote mbili, aliyelibeba atakupigia kabla hajafika Darajani.

*Mapapasi wamekuzunguka ukitoka.* Ni vishoka wa upande wa pili tu. Wachukuzi wa kweli, kule huitwa mahamali, wana magari yao ya kusukuma na bei mnapatana kama ulivyofanya Dar. Anza na salamu ndefu, kule haraka haraka ya Kariakoo haiwafurahishi.

*Wakati wa kurudi.* Njia ni ile ile kwa kinyume, isipokuwa kama umenunua televisheni, simu mpya au vifaa vya umeme: weka risiti mkononi, maana ukishuka Dar watu wa ushuru wanaweza kukuuliza. Na karafuu, iliki na mdalasini vifunge mbali na nguo.